Kwa nini satelaiti yangu haitulii ikiitazama Dunia?

Swali: Naandika programu ya kuigiza satelaiti ndogo ya kilo 12, boksi la sentimita 20 kwa 20 kwa 30, kwenye obiti ya kilomita 500. Ina magurudumu matatu ya mwitikio na koili za sumaku. Naianzisha kamera ikiwa imeelekea pembeni, kisha naiamuru igeuke iitazame Dunia. Inageuka, lakini inapita lengo, inarudi, inapita tena. Mara nyingine inachagua njia ndefu, inazunguka digrii 270 badala ya 90. Na hata ikitulia, baada ya dakika tano nakuta kamera haitazami tena chini. Nakosea wapi? Halafu, satelaiti halisi inageukaje wakati huko juu hakuna hewa wala ardhi ya kujisukumia?

Jibu:

Umeyaandika malalamiko matatu kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ni magonjwa matatu, kila mmoja na dawa yake. Mawili ya kwanza utayaponya kwa mistari michache ya programu. Wa tatu, huo wa kamera kuhama yenyewe, ndio ulionifanya nikae nikuandikie kwa urefu, kwa sababu unadai ubadili namna unavyoifikiria kazi yenyewe.

Kwanza hilo la kukosa pa kujisukumia. Mtu akikaa kwenye kiti kinachozunguka, miguu imeinuliwa, ameshika gurudumu la baiskeli lililolala mbele yake, akilizungusha kwa mkono kiti chake kitageuka upande wa pili. Hakuna aliyemsukuma. Momenta ya mzunguko, yaani kipimo cha mzunguko wote uliomo ndani ya mfumo, haiongezeki wala haipungui mpaka kitu cha nje kiingilie. Gurudumu likichukua kiasi fulani upande mmoja, mwili hauna budi kubeba kiasi hichohicho upande wa pili. Akilisimamisha gurudumu, kiti nacho kinasimama, ila sasa uso wake unatazama kwingine. Satelaiti yako ina magurudumu matatu ya namna hiyo, moja kwa kila mhimili, na mota zake zinakula umeme wa Jua tu. Ndiyo maana kugeuka hakumalizi mafuta. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinategemea kanuni hiyohiyo kwa vifaa vikubwa zaidi: jiroskopu nne, kila moja ikiwa na gurudumu la kilo 98 hivi linalozunguka mara 6,600 kwa dakika, ambazo badala ya kubadilishwa kasi huinamishwa, na kule kuinama ndiko kunakokigeuza kituo kizima.

Sasa tuingie kwenye boksi lako. Kama uzito umesambaa sawasawa, inesha yake, yaani kiasi mwili unavyokataa kuzungushwa, ni 0.13 kilo-mita mraba kwenye mihimili miwili inayokatiza urefu, na 0.08 kwenye mhimili unaofuata urefu. Hukutaja nguvu ya magurudumu, kwa hiyo nachukua torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya newton-mita 0.002 na uwezo wa kubeba momenta ya newton-mita-sekunde 0.01. Ukisukuma kwa nguvu zote nusu ya safari, kisha ukafunga breki kwa nguvu zote nusu iliyobaki, digrii 90 zingekwisha kwa sekunde 20. Lakini pale katikati mwili ungekuwa umefikia karibu digrii 9 kwa sekunde, na gurudumu lingelazimika kubeba momenta ya 0.02, mara mbili ya uwezo wake. Gurudumu likishafika kwenye kikomo cha kasi halisukumi tena, hata uliamuru vipi. Safari inayowezekana ina vipande vitatu: sekunde 5 za kuongeza kasi hadi digrii 4.4 kwa sekunde, sekunde 15 hivi za kuteleza bila kusukuma, na sekunde 5 za breki. Kagua kama programu yako ina vikomo hivi viwili, cha torki na cha momenta. Bila hivyo, unaendesha chombo ambacho hakuna fundi atakayeweza kukuundia.

Ugonjwa wa kwanza, kupita lengo na kurudi, ni upungufu wa breki. Nadhani amri yako inatazama kosa la pembe peke yake: kosa likiwa kubwa, sukuma sana, likiwa dogo, sukuma kidogo, likiwa sifuri, acha. Tatizo ni kwamba kosa linapofika sifuri mwili bado una kasi yote uliyoipa, na huko juu hakuna msuguano wa kuimeza. Lazima amri iwe na sehemu ya pili inayopinga kasi ya mzunguko, na breki hiyo ianze kubana kabla lengo halijafikiwa.

Vizidisho vya kuanzia, yaani namba za kuzidishia kosa na kasi ili upate torki, ni hivi. Kama kosa unalipima kwa kwatenioni, yaani namba nne zinazoeleza mwelekeo, zile namba tatu za mhimili hazibebi pembe nzima bali sini ya nusu ya pembe, na nusu hiyo huwapotosha wengi. Ukitaka mwitikio wa rediani 0.1 kwa sekunde, kizidisho cha kosa kiwe mara mbili ya inesha mara mraba wa 0.1, yaani 0.0026. Kizidisho cha kasi kiwe 0.0208, ambacho kinakupa breki ya asilimia 80 ya ile inayozuia kabisa kupita lengo. Kwa kosa la digrii 90 utaagiza torki ya 0.0018, chini kidogo ya kikomo cha gurudumu. Utatulia ndani ya dakika moja hivi. Ni polepole kuliko sekunde 25 nilizozitaja, lakini chombo kitafika salama. Anzia hapo ndipo uongeze ukali.

Ugonjwa wa pili, njia ndefu, umo ndani ya kwatenioni zenyewe. Namba hizi nne alizigundua William Rowan Hamilton mjini Dublin tarehe 16 Oktoba 1843, na sisi wa vyombo vya anga tunazipenda kwa sababu hazina pembe inayozikwamisha, tofauti na njia ya kutumia pembe tatu mfululizo. Zina tabia moja tu ya kuangaliwa: kila mwelekeo una majina mawili. Ukibadilisha alama za namba zote nne, chanya kuwa hasi na hasi kuwa chanya, unapata mwelekeo uleule, ila umeelezwa kama safari ya upande wa pili. Digrii 90 kulia na digrii 270 kushoto zinaishia mahali pamoja. Programu yako haijui hilo. Inafuata jina ililopewa. Dawa: kila unapokokotoa kosa, tazama namba ya nne, ile ya kosini ya nusu ya pembe. Ikiwa hasi, zidisha zote nne kwa hasi moja ndipo uzitumie. Kuna uangalifu mmoja: kosa likiwa karibu kabisa na digrii 180, kelele za vihisi zinaweza kuifanya alama iruke huku na huko, na chombo kikabaki kinasitasita kati ya njia mbili. Weka sharti kwamba ukishachagua upande usiubadilishe mpaka namba hiyo ipite mbali kidogo upande wa pili.

Sasa huu wa tatu. Satelaiti yako inaizunguka Dunia mara moja kwa takriban dakika 94.6. Simamisha chombo kikiwa kimeelekeza kamera chini moja kwa moja, kisimame kabisa dhidi ya nyota, kisha ngoja. Baada ya robo ya obiti kamera itakuwa inatazama pembeni, juu ya upeo wa Dunia. Baada ya nusu obiti itakuwa imeipa Dunia kisogo. Chombo hakijageuka hata chembe. Ni Dunia iliyohama, kwa jinsi chombo kinavyoiona. Kuitazama Dunia ni mwendo. Boksi lazima liendelee kuzunguka digrii 3.8 kila dakika, bila kukoma, muda wote wa kazi yake, na kutulia maana yake ni kuzunguka kwa kasi hiyo hasa kuuzunguka mhimili ulio wima juu ya bapa la obiti. Kwenye obiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta kazi ni ileile, ila kasi inashuka hadi digrii 15 kwa saa.

Kosa lako linaweza kuwa la aina mbili, na grafu itakwambia ni lipi. Kama kosa linakua kwa mstari ulionyooka, digrii 3.8 kila dakika, basi ulikokotoa mwelekeo wa lengo mara moja mwanzoni ukauacha. Dakika tano zinakupa digrii 19, na nadhani ndicho ulichokiona. Lengo linapaswa kukokotolewa upya kila hatua kutoka mahali chombo kilipo: mhimili mmoja uelekee katikati ya Dunia, yaani kinyume cha vekta ya mahali (mshale utokao katikati ya Dunia hadi kwenye chombo), wa pili uwe kinyume cha vekta ya momenta ya obiti, wa tatu unapatikana kwa zao la hiyo miwili.

Aina ya pili hujificha zaidi. Ukishalirekebisha lengo, unaweza kukuta kosa halikui tena, lakini haliishi. Linabaki palepale. Hii hutokea breki yako inapopinga kasi yote, hata ile kasi halali ya digrii 3.8 kwa dakika. Sehemu moja ya amri inasukuma chombo kizunguke, nyingine inakikataza, zinakutana njiani. Kwa vizidisho nilivyokupa, zinakutana kwenye kosa la digrii 1. Usiidharau. Kutoka kilomita 500, digrii 1 ni kilomita 8.7 ardhini, ulitaka kupiga picha ya bandari, umepata bahari tupu. Breki isipinge kasi ya chombo, ipinge tofauti kati ya kasi ya chombo na kasi ya lengo, baada ya kuigeuza kasi ya lengo iwe kwenye mihimili ya chombo.

Hapo hapo ongeza torki ya jiroskopu, ambayo wengi huiruka kwa kudhani ni ndogo. Gurudumu lililobeba momenta ya 0.01, likiwa ndani ya mwili unaozunguka digrii 3.8 kwa dakika, linaurudishia mwili torki ya 0.000011. Hilo peke yake, lisipofidiwa, linakuachia kosa la kudumu la nusu digrii. Na wakati wa mgeuko mkubwa wa digrii 4.4 kwa sekunde, torki hiyo inapanda hadi zaidi ya theluthi ya nguvu yote ya gurudumu lako. Ni zao la vekta la kasi ya mwili na momenta yote, ya mwili pamoja na magurudumu. Mstari mmoja tu.

Kuna vyombo ambavyo Dunia kwao karibu haisogei kabisa, na hivyo navyo vina somo. Voyager 2, iliyorushwa 1977, ilikuwa karibu kilomita bilioni 20 kutoka kwetu mwezi Julai 2023. Kutoka umbali huo Dunia haiachani na Jua kwa zaidi ya nusu digrii, kwa hiyo ukilijua Jua lilipo umeshakaribia jibu. Tarehe 21 Julai mfululizo wa amri uliotumwa ulisogeza antena yake digrii 2 pembeni kwa makosa. Digrii 2 tu, mawasiliano yakakatika, kwa sababu mwale wa antena ile ya mita 3.7 ni mwembamba kuliko kosa lenyewe. Chombo chenyewe kimepangiwa kujisahihisha mwelekeo mara kadhaa kwa mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa Oktoba. NASA haikungoja. Kituo cha antena cha Canberra, Australia, kilituma amri ya kugeuka kwa nguvu kubwa, "kelele" kama walivyoiita, kwa matumaini kwamba hata antena iliyoelekea pembeni ingeambulia kitu. Amri ilisafiri saa 18.5, na jumla ya saa 37 zikapita kabla ya kujua kama imesikika. Tarehe 4 Agosti data zilirudi. Kila nikilifikiria tukio hilo naona uzito wa kitu ninachowaomba wanaoanza fani hii wakiweke mapema: chombo kiwe na njia yake chenyewe ya kuitafuta Dunia, hata pale ambapo sisi wa huku chini tumekosea.

Kwenye programu yako chombo kinajua mwelekeo wake bila kuambiwa. Cha kweli kinaanza kipofu, tena kikibiringika baada ya kutoka kwenye roketi. Hatua ya kwanza huko haihusu Dunia hata kidogo. Ni kupunguza mzunguko, na hapo ndipo koili zako zinapoingia. Magnetomita inapima uga wa sumaku wa Dunia. Chombo kikibiringika, uga huo unaonekana kubadilika. Unaipa koili umeme unaozalisha sumaku iliyo kinyume cha mabadiliko hayo, na mzunguko unapungua pole pole, bila hata kuhitaji kujua umeelekea wapi. Naipenda amri hii kwa uchache wa mambo inayoyahitaji: kihisi kimoja, kutoa, kuzidisha, basi. Haifiki sifuri. Kwenye obiti inayopita karibu na ncha za Dunia itakuachia mzunguko wa karibu mara mbili kwa obiti, kwa sababu uga wenyewe unageuka kwa kasi hiyo machoni pa chombo. Hapo magurudumu yanaweza kupokea.

Kujua mwelekeo kunahitaji vitu viwili vya kutazama, si kimoja. Uga wa sumaku peke yake unakuachia mzunguko mmoja usiojulikana, ule wa kuuzunguka mstari wa uga. Ongeza mwelekeo wa Jua na fumbo linafunguka. Hesabu ya kuoanisha vekta nyingi kwa pamoja iliwekwa wazi na Grace Wahba mwaka 1965 na bado tunaitumia. Kumbuka tu kwamba kwenye kilomita 500 unaweza kukaa kwenye kivuli cha Dunia hadi dakika 36 hivi katika kila obiti, bila Jua. Hapo unahitaji jiroskopu za kukubeba, safari hii vihisi vya kupima kasi ya mzunguko, au kamera ya nyota, au kihisi cha upeo kinachoutambua ukingo wa Dunia kwa joto la hewa yake, mchana na usiku.

Koili zina kazi ya pili, na bila hiyo satelaiti yako ingekwama ndani ya siku chache. Mvutano wa Dunia hauvuti ncha mbili za boksi kwa nguvu sawa. Kwa boksi lako torki hiyo haizidi newton-mita 0.00000009, kitu ambacho gurudumu halikisikii. Lakini ukishikilia kamera kwenye pembe mbaya kuliko zote, digrii 45, inajikusanya: baada ya obiti 19 hivi gurudumu limefika kikomo, na kumbuka bado sijaweka mwanga wa Jua na hewa nyembamba ya huko. Magurudumu hayawezi kuitupa momenta hiyo, yanaihifadhi tu. Koili zinaweza, kwa sababu zinajishikiza kwenye uga wa Dunia, kitu cha nje. Koili ya ampea-mita mraba 0.2 kwenye uga wa mikrotesla 30 inatoa torki mara 300 na zaidi chini ya ile ya gurudumu, tena kamwe si kuuzunguka mstari wa uga wenyewe, kwa hiyo kulipumzisha gurudumu lililojaa kunachukua nusu saa ikiwa kila kitu kimekaa vizuri, na mara nyingi zaidi ya hapo. Fanya hivyo kidogo kidogo, muda wote. Kama una uhuru wa kuchagua, weka kamera kwenye uso mdogo, ili urefu wa boksi uelekee Dunia. Kwa mkao huo mvutano unakushikilia badala ya kukusumbua, kama unavyoushikilia Mwezi usitugeuzie kisogo.

Kabla hujaendelea, hakiki alama za chanya na hasi za kila koili, kila gurudumu, kila kihisi, moja moja. Naliomba hili kwa moyo wote. Satelaiti ya utafiti TERRIERS ilirushwa Mei 1999 ikiwa nzima, lakini alama iliyogeuzwa kwenye mfumo wa koili ikaifanya ishindwe kuelekeza paneli zake kwenye Jua, na betri zikaisha. Mwaka 2016 darubini ya Japani, Hitomi, iliamini inazunguka wakati imetulia. Magurudumu yakajitahidi kuusimamisha mzunguko usiokuwepo na kuuumba wa kweli, kisha vijiroketi vya dharura, vilivyowekewa viwango visivyo sahihi, vikauongeza mpaka chombo kikavunjika. Kilikuwa na wiki zisizofika sita angani.

Kwa programu yako, fanya jaribio hili: ianzishe kutoka mielekeo mia iliyochaguliwa ovyo, kila mara na mzunguko kidogo wa kuanzia, na kila safari iache ikimbie obiti nzima. Kosa lishuke chini ya sehemu ya kumi ya digrii na likae hapo, kasi isome digrii 3.8 kwa dakika, na isiwepo hata safari moja iliyopitia njia ndefu. Ukifika hapo, washa torki ya mvutano na koili, kisha nitumie grafu ya kasi za magurudumu yote matatu kwa obiti 40 mfululizo. Grafu ya pembe haitatosha, kwa sababu itaonekana nzuri hadi dakika ileile gurudumu litakapogota.